Mstari na Mtu: Historia Fupi ya Mpangilio wa Mistari katika Sanaa ya Picha, 1838–1934

Utangulizi

Neno mstari ni miongoni mwa istilahi ambazo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili huzipokea mapema na kuzitumia bila kuzihoji. Tunahesabu mistari ya ubeti, tunaigawa katika vipande, tunapima mizani yake, kisha tunaendelea na kazi. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu safu ya maandishi na vilevile chombo cha kupigia safu hiyo ili mkono wa mwandishi usipotoke. Hivyo basi, tangu asili yake mstari una sura mbili: ni kitu kinachosomwa, na pia ni amri inayouongoza mkono na jicho.

Makala haya yananuia kuifuata sura hiyo ya pili nje ya mipaka ya ushairi, katika sanaa ya upigaji picha. Vitabu vya kufundishia sanaa hiyo humwelekeza mwanagenzi atafute mistari katika mandhari: njia, reli, ukuta, ngazi, kingo za mto. Humtaka aipange ili iliongoze jicho la mtazamaji kutoka pembeni mwa picha hadi kwenye kiini chake. Mstari mlalo, anaambiwa, huleta utulivu. Mstari wima huleta uthabiti. Mshazari huleta mwendo. Mstari uliopinda huleta ulaini. Maelekezo haya yana ukweli wake, na yeyote aliyeyajaribu anajua kwamba yanaifaa picha. Upungufu wake ni kwamba yanauchukulia mstari kuwa chombo kisicho na historia, kama kwamba kinaweza kuokotwa na kutumiwa popote bila kuacha alama.

Hoja yetu ni kwamba mpangilio wa mistari katika picha ni uamuzi kuhusu watu: nani afikiwe na jicho, na nani apitwe. Tutaijadili hoja hii kwa kuchunguza picha chache mashuhuri zilizopigwa kati ya mwaka wa 1838 na miaka ya mapema ya 1930, kisha turejee nyumbani kuona inatuhusu vipi sisi wahakiki wa fasihi.

Barabara Iliyobaki na Watu Waliotoweka

Kabla ya kamera kupata uwezo wa kuhifadhi kilichopita mbele yake, wachoraji wa Ulaya walikuwa tayari wamekubaliana kuhusu jinsi ya kuipanga dunia kwa mistari. Mwaka wa 1435 Leon Battista Alberti aliandika kitabu kuhusu uchoraji ambamo alieleza namna mistari yote ya sakafu, kuta na dari inavyoweza kuvutwa hadi ikutane katika nukta moja mbali machoni pa mtazamaji. Lenzi iliipokea kanuni hiyo kama urithi. Mpigapicha wa kwanza hakuhitaji kuivuta mistari hiyo kwa rula. Kifaa chake kilimfanyia kazi hiyo chenyewe.

Urithi huo unaonekana wazi katika picha ambayo Louis Daguerre aliipiga mjini Paris mwaka wa 1838 akiwa dirishani, akiitazama kwa chini barabara iitwayo Boulevard du Temple. Safu za miti na kingo za barabara zinaliongoza jicho kutoka sehemu ya mbele hadi ndani kabisa ya mji. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika nyingi, lakini katika picha inaonekana tupu. Sababu ni ya kiufundi: bamba la picha la wakati huo lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na kila aliyekuwa akitembea alipita bila kuacha alama. Samuel Morse, Mmarekani aliyehusika na uvumbuzi wa telegrafu, aliiona kazi hiyo mwaka wa 1839 na katika barua yake akautaja utupu huo kwa mshangao. Mtu mmoja tu alionekana waziwazi, naye ni yule aliyesimama pembeni mguu wake ukiwa juu, akipigwa rangi viatu. Yeye alitulia kwa muda wa kutosha. Aliyeinama kumhudumia ameonekana kwa shida, kama kivuli, kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini.

Huu ni mwanzo unaopaswa kutufikirisha. Katika mojawapo ya picha za kwanza kabisa zenye binadamu, barabara, yaani mstari, ilidumu kikamilifu, walioitumia wakafutika, na kati ya wawili waliobaki, aliyehudumiwa ameonekana vizuri kuliko aliyehudumu. Daguerre hakukusudia hayo, maana yalikuwa matokeo ya udhaifu wa kifaa. Waliomfuata, ambao kamera zao ziliweza kumnasa mtu akiwa katika mwendo, hawakuwa na udhuru huo tena.

Sitaha ya 1907

Mwezi wa Juni mwaka wa 1907 Alfred Stieglitz, mpigapicha wa New York, alisafiri kwenda Ulaya na mkewe na binti yao katika meli iliyoitwa Kaiser Wilhelm II. Walikuwa abiria wa daraja la kwanza. Kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyaandika miaka 35 baadaye, alichoshwa na wenzake wa daraja hilo, akatembea hadi mwisho wa sitaha, akaangalia chini waliko abiria wa daraja la chini kabisa. Alichokiona kwanza, anasema, ni maumbo: bomba la moshi lililoinamia upande mmoja, ngazi iliyoinamia upande wa pili, daraja jeupe lililokatiza katikati, kofia ya majani ya mviringo, na mikanda myeupe iliyokutana mgongoni mwa mwanamume mmoja. Alikimbilia chumbani kuchukua kamera. Alikuwa amebakiwa na bamba moja tu lisilotumika, na hofu yake kubwa ilikuwa kwamba yule mwenye kofia angeondoka mahali pake kabla hajarudi.

Picha hiyo, inayojulikana kama The Steerage, aliichapisha katika jarida lake la Camera Work mwaka wa 1911, na imekuwa miongoni mwa nguzo za historia ya upigaji picha wa kisasa. Kimpangilio, sifa zake haziwezi kupingwa. Daraja jeupe limeigawa picha sehemu mbili, ya juu na ya chini. Ngazi na bomba vinavutana. Na jicho halipati pa kutulia mpaka limewazunguka watu wote. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mistari haisemi. Picha hii imetumiwa mara nyingi kama nembo ya wahamiaji wanaowasili Marekani wakiwa na matumaini, ilhali meli ilikuwa inatoka Marekani kuelekea Ulaya. Waliomo walikuwa wanarudi.

Mwaka wa 1975 mhakiki Allan Sekula aliilinganisha picha hiyo na nyingine iliyopigwa na Lewis Hine mwaka wa 1905, inayowaonyesha wahamiaji wakishuka daraja la meli mjini New York. Alionyesha kwamba picha hupata maana yake kutokana na mazungumzo ya kijamii ambamo inawekwa: ile ya Hine iliwekwa katika harakati za kurekebisha maisha ya maskini, ile ya Stieglitz ikawekwa katika madai kwamba picha ni sanaa. Kwa mtazamo wetu, somo la ziada ni hili. Stieglitz alimhitaji yule mwenye kofia abaki mahali pake kwa sababu ya duara la kofia. Alikuwa wapi kabla, anarudi kwa nani, na kwa nini Marekani haikumfaa au haikumtaka, ni maswali ambayo mpangilio haukuyahitaji. Wala hatusemi kwamba Stieglitz hakuwaonea huruma watu wale. Yeye mwenyewe alidai kwamba maumbo na hisia zake kuhusu maisha vilikutana pale. Tunachosema ni kwamba huruma hiyo tunaijua kutokana na maandishi yake. Kwenye picha tunaona daraja.

Wavulana wa Ziwa

Picha inayofuata inatukaribia zaidi. Mnamo mwaka wa 1930, Martin Munkácsi, Mhungari aliyekuwa akiyapigia picha magazeti ya Berlin, alipiga picha ya wavulana watatu walio uchi wakikimbilia ndani ya maji. Kwa jina lake lililozoeleka picha hiyo inawataja kuwa wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. Wametupa mgongo. Mwanga umewafanya weusi tii dhidi ya povu jeupe la wimbi, na viungo vyao vimekuwa mistari inayokatizana: mkono ulioinuliwa, goti lililokunjwa, mguu ulioachwa nyuma. Hakuna barabara wala ngazi inayoliongoza jicho. Miili yenyewe ndiyo mistari.

Kijana mmoja Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, aliiona picha hiyo ikiwa imechapishwa huko Ufaransa. Alikuwa amesomea uchoraji kwa André Lhote, mwalimu aliyesisitiza sana jometri, na alikuwa ametoka Afrika Magharibi ambako nusura homa imuue. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1977, alimwandikia binti ya Munkácsi kwamba ni picha hiyo iliyomfunulia kuwa kamera inaweza kuunasa umilele katika nukta moja ya wakati. Mwaka wa 1932 alinunua kamera ya Leica, na mwaka huohuo akapiga mjini Hyères picha ambayo leo hufundishwa kila mahali: ngazi iliyojipinda kama konokono, reli za chuma zinazoifuata, na mwendesha baiskeli anayepita chini kwa kasi hadi umbo lake limekuwa ukungu.

Ukiziweka picha hizi mbili pamoja unauona uhusiano wao. Cartier-Bresson amejifunza kungoja mpaka mwendo wa mtu uingie mahali palipoandaliwa na mistari. Huo ni ufundi mkubwa, na ndio ulioutawala upigaji picha wa habari kwa miongo kadhaa. Lakini historia ya ufundi huo ilivyozoea kusimuliwa inataja jina la Munkácsi, la Cartier-Bresson, la kamera, na la ziwa. Wavulana watatu, ambao viungo vyao ndivyo vilivyotoa somo, hawana majina. Tumewapokea kama mistari. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulitaja pengo hilo bila kuukana uzuri wa picha, kwa maana uzuri huo ni wao pia.

Mshazari wa Moscow

Mfano uliojaa mafunzo zaidi ya yote ni wa Alexander Rodchenko, aliyezaliwa St Petersburg mwaka wa 1891. Kabla ya kushika kamera alikuwa mchoraji, na mwaka wa 1921 aliandika insha nzima kuhusu mstari, akidai kwamba ndio msingi wa kila umbo na kwamba rangi na mapambo ni ya pili. Hakuuona mstari kuwa jambo la sanaa peke yake. Katika nchi iliyokuwa imepindua utawala wa kale mwaka wa 1917, jicho nalo lilipaswa kupinduliwa.

Alipoanza kupiga picha alipambana na mazoea ya kuishika kamera usawa wa kitovu na kuitazama dunia ikiwa imenyooka. Mwaka wa 1925 alisimama chini ya jengo moja la Moscow akaelekeza kamera juu, na roshani zikapanda angani kama vidato vya ngazi. Katika picha yake ya vipandio, aliyoipiga kati ya mwaka wa 1929 na 1930, mwanamke aliyembeba mtoto anapanda ngazi ambayo vipandio vyake vimekuwa milia ya mwanga na kivuli inayoikata picha mshazari. Kila kitu kimeinama isipokuwa nia ya mwanamke huyo ya kufika juu. Katika picha hii mstari na mtu havijakosana: mshazari unatufanya tuuhisi uzito wa mtoto na urefu wa safari.

Hata hivyo wakosoaji hawakuridhika. Mwaka wa 1928 jarida moja la upigaji picha la Kisovieti lilimshutumu kwa kuiga wapigapicha wa nchi za Magharibi. Mwaka wa 1930 alipompiga picha kijana wa chama cha vijana kwa kumtazama kutoka chini, aliambiwa kwamba sura imepotoshwa. Kufikia mwaka wa 1932 alikuwa amefukuzwa katika kundi la wasanii la Oktyabr. Tuhuma ya urasimi, yaani ya kupenda umbo kuliko maudhui, haikuwa tena hoja ya kiuhakiki katika nchi hiyo; ilikuwa imeanza kuwa hatari kwa maisha ya mtu.

Ni katika hali hiyo ambapo mwaka wa 1933 Rodchenko alitumwa kupiga picha za ujenzi wa mfereji wa kuunganisha Bahari Nyeupe na Bahari ya Baltiki. Mfereji huo wenye urefu wa kilomita 227 ulichimbwa kwa takriban miezi 20 na wafungwa zaidi ya 100,000, wengi wao wakitumia sururu, toroli na mbao. Kumbukumbu rasmi zenyewe zinaonyesha kwamba zaidi ya 12,000 walikufa. Toleo la Desemba 1933 la jarida la USSR in Construction, alilolisanifu Rodchenko mwenyewe, liliutangaza mfereji huo kwa ulimwengu. Ndani yake mna ufundi uleule: kuta za mbao zinazokimbilia mbali, safu za watu zilizopangwa kama mistari ya maandishi, na bendi ya muziki inayopiga kando ya wachimbaji. Mshazari uliompandisha mama na mwanawe ngazini sasa ulikuwa ukiliongoza jicho kuelekea ushindi wa dola, na kulipitisha haraka juu ya vichwa vya waliokuwa wakichimba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mfereji huo ulionyooka vizuri pichani ulitokea kuwa wa kina kidogo mno kwa meli nyingi kubwa.

Wanafasihi hatuwezi kuyatazama haya tukiwa mbali. Mwaka wa 1934 kilichapishwa kitabu cha kuusifu mfereji huo, mmoja wa wahariri wake akiwa Maxim Gorky, na waandishi 36 walishiriki kukiandika. Nathari nayo ilifanya kazi iliyofanywa na mshazari. Mwaka wa 1936 Rodchenko aliandika kwamba safari ya mfereji ndiyo iliyomgeuza yeye mwenyewe na kumtoa katika hali ya kukata tamaa. Je, alisema kwa dhati au kwa hofu? Huenda vyote viwili vilikuwepo kwa pamoja.

Kuna ushahidi mmoja mchungu zaidi. Mwaka wa 1934 Rodchenko alisanifu kitabu cha picha cha kuadhimisha miaka kumi ya Uzbekistan ya Kisovieti. Wakuu wengi waliomo walipokamatwa na kuuawa mwaka wa 1937 na miaka iliyofuata, kuwa na sura zao nyumbani kukawa kosa. Katika nakala yake mwenyewe, iliyogunduliwa na mtafiti David King miongo kadhaa baadaye, nyuso zimefunikwa kwa wino mweusi. Mabega yamebaki, mavazi yamebaki, majina yamefutwa. Mtu aliyeanza kwa kutetea mstari kuwa msingi wa sanaa aliishia kuona nyuso zikizibwa katika kazi ya mikono yake.

Reli, Arudhi na Sisi

Yaweza kuulizwa: mifereji ya Urusi na ngazi za Ufaransa zinatuhusu nini? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1896 na kufika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba mwaka wa 1901. Ujenzi huo ulipigwa picha, hasa na William D. Young, na picha hizo zimeendelea kuipamba historia ya nchi yetu. Picha ya reli, popote ilipopigwa kwa kamera iliyosimamishwa katikati ya njia, humpa mtazamaji mistari miwili inayokimbilia kukutana, na mistari hiyo humnong'onezea kwamba kilichokuwa mbele kilikuwa maendeleo. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Idadi hiyo haimo katika mistari. Ni lazima mtazamaji aje nayo kutoka kwingineko, na kisha alitazame upya tuta la reli na kujiuliza ni mikono ya nani iliyolisawazisha.

Jibu la pili ni la kiuhakiki. Mwaka wa 1954 Amri Abedi aliziweka sheria za kutunga mashairi katika kitabu, na mwaka wa 1974 Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi, diwani iliyozivunja. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko uliofuata tunaujua, na bado tunaufundisha. Mara nyingi umejadiliwa kana kwamba swali ni iwapo mizani na vina vibaki au viondoke. Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba swali hilo pekee halitoshi. Mstari mlalo uliozoeleka ulipokataliwa, mshazari ulikuja kama ukombozi. Miaka kumi haikupita kabla mshazari wenyewe haujawa lugha ya dola. Kuvunja umbo hakumhakikishii msanii uhuru, sawa na vile ambavyo kulihifadhi hakumhakikishii hekima. Utenzi wenye mizani kamili unaweza kumfikisha msikilizaji kwa mtu aliye hai, na shairi huru linaweza kumpita mtu huyo bila hata kumsalimu.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kumzuia mpigapicha kutafuta mistari. Bila mpangilio picha ni vurugu, na vurugu nayo huficha watu. Tulichopendekeza ni kigezo cha kuupimia mpangilio huo. Pamoja na kuuliza kama mistari inaliongoza jicho, mhakiki hana budi kuuliza inalifikisha wapi, inampita nani njiani, na kama anayepitwa angeweza kuonekana iwapo kamera ingesogezwa hatua mbili. Kigezo hichohicho kinafaa kwa ubeti, kwa aya ya riwaya na kwa onyesho la tamthilia.

Macho hayana pazia, husema Waswahili, lakini yana mazoea. Mwanafunzi anayeanza leo, akiwa na simu ya mkononi inayopiga picha bora kuliko kifaa chochote cha Daguerre, anaweza kupewa zoezi la kwanza lililo rahisi: airudie ile picha ya mwaka wa 1838, aachane kwa dakika moja na barabara pamoja na safu zake za miti, na amtafute yule aliyeinama kupiga viatu rangi.